Mwanasesere Anayejibu: Zamu ya Kuongea ni ya Nani?

Mwaka 2015 kampuni ya Mattel ya Marekani ilitoa mwanasesere aitwaye Hello Barbie. Mtoto alibonyeza kitufe akaongea, sauti ikasafiri kwa intaneti, na jibu likachaguliwa kati ya sentensi zipatazo 8,000 zilizoandikwa na watu. Wanasesere wa leo wenye akili bandia hutunga jibu papo hapo. Je, hilo litamsaidia mtoto kujifunza kuongea? Mwaka 2003 mtafiti Patricia Kuhl na wenzake, huko Seattle, walionyesha kuwa watoto wa miezi 9 waliocheza ana kwa ana na wazungumzaji wa Kichina walijifunza kutofautisha sauti za lugha hiyo. Waliotazama video hawakuambulia kitu. Lakini utafiti wa 2014 uligundua kuwa watoto wa takriban miaka miwili hujifunza vitenzi vipya hata kwa simu ya video, mradi mtu wa upande wa pili awe anawajibu wao. Kinachofundisha, basi, ni kupokezana zamu, wala si wingi wa maneno.

Atakayesema kwamba chombo kinachojibu kimeshatimiza sharti hilo atazame kinavyofanya kazi. Watu wakizungumza, pengo kati ya zamu huwa kwa wastani kama sehemu ya tano ya sekunde. Mwanasesere kwa kawaida hungoja mtoto anyamaze, hugeuza sauti kuwa maandishi, hutunga jibu, kisha hulitamka. Mtoto anayesita kutafuta neno huweza kukatizwa, kwa kuwa kimya chake kimehesabiwa kuwa mwisho. Tena akisema “gali”, mtu mzima hufuata kidole chake na kujibu, “Ndiyo, gari jekundu limepita,” akamrekebisha bila kumkemea. Kipaza sauti hakioni kidole.

Wapo watakaosema mzazi hushinda kazini, na mwanasesere ni afadhali kuliko ukimya. Ni kweli, ikiwa kinachoondolewa ni ukimya. Utafiti wa Anna Sosa wa 2016, Arizona, uliohusisha jozi 26 za wazazi na watoto wachanga, ulionyesha kuwa wazazi waliongea kidogo zaidi palipokuwa na vichezeo vya kielektroniki kuliko vitabu. Vichezeo hivyo havikuwa na akili bandia, lakini mzazi anayeona kazi ya kuongea imeshapata mfanyakazi ana sababu zaidi ya kunyamaza kichezeo kinapojibu vizuri. Kwa hiyo mbunifu makini atamfanya mwanasesere aulize swali, kisha amtume mtoto kwa bibi au kaka akatafute jibu. Kipimo cha mafanikio kiwe zamu ambazo mtoto amepokezana na watu, si dakika alizokaa na kichezeo.