Mark X: Nozeli Sita Zilizokosekana

Mark X ni gari zuri lililoharibiwa na uamuzi mmoja, na uamuzi wenyewe si wa mwaka 2004. GRX120 ilipochukua nafasi ya Mark II, Toyota walikuwa na la kujitetea: injini ya 4GR-FSE ya cc 2,499 ilitoa nguvu za farasi 215 bila kumaliza tangi, na D-4, mfumo wao wa kunyunyizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, ilikuwa bado changa. Tuliwasamehe. Ninachowadai ni mwaka 2009.

Mwaka huo ilitoka GRX130: bodi mpya, taa mpya, dashibodi mpya. Kwenye toleo hilohilo, GRX133 ya cc 3,456 ikapewa 2GR-FSE yenye nozeli mbili kwa kila silinda, moja ikinyunyizia petroli ndani ya silinda, nyingine kwenye njia ya hewa, nyuma ya valvu. Jumla nozeli 12. Ile ya cc 2,499, inayonunuliwa na watu wa kawaida, ikaachwa na 6 zake za ndani tu.

Aliyeishi na 4GR anajua kilichofuata. Mvuke wa oili unarudishwa kwenye manifoldi, unapita juu ya valvu za kuingiza hewa, na kwa joto lile unaganda kuwa masizi. Kwenye injini ya zamani petroli ingeziosha valvu hizo kila inaponyunyiziwa. Kwenye 4GR petroli haifiki hapo kabisa. Ukoko unanenepa, hewa inabanwa, na asubuhi gari linatetemeka likiwa limesimama, linamisi, taa ya injini inawaka. Fundi anabadilisha plagi. Anabadilisha koili. Anasafisha nozeli, ambazo hazina kosa. Mwishoni mwenye gari anaambiwa atafute injini nyingine, wakati kazi iliyotakiwa ni kufungua manifoldi na kukwangua valvu. Na zile chupa za dawa ya kumimina kwenye tangi msinunue kwa ajili ya tatizo hili. Dawa inapita njia ya petroli, na valvu zipo njia nyingine.

Wala hawakuwa gizani. 2GR-FSE ilikuwa barabarani tangu 2005 ndani ya Lexus IS 350, na ndugu yake IS 250, mwenye 4GR hiihii, ndiye aliyekuja kuwafikisha mahakamani baadaye kule Marekani kwa masizi hayahaya. Tiba ilikuwa kwenye rafu ya kiwanda chao wenyewe! Sioni sababu nyingine zaidi ya kubana gharama, na ubahili huo ukaendelea mpaka Mark X ilipostaafishwa Desemba 2019.

Kinachoniuma zaidi ni hesabu. Mwaka 2009 walishusha 4GR hadi farasi 203 ili itumie petroli ya kawaida ya Japani. 1JZ-GE ya Mark II ilikuwa na 200, nozeli zake kwenye manifoldi, bloku ya chuma, silinda sita kwenye mstari mmoja. Mateso yote haya kwa farasi watatu. (Nasema GE. 1JZ-FSE ya mwaka 2000 ndiyo iliyoingiza D-4 kwenye Mark II, na aliyewahi kuimiliki hahitaji maelezo yangu.) Ndiyo, 1JZ ilidai mkanda wa taimingi kila kilomita 100,000, na 4GR ina cheni. Ila mkanda unaupangia bajeti.

Gia sita, breki, gari linavyokamata barabara kwenye kona: hapo hawakukosea.

Halafu mafundi wetu wanamalizia kazi. Bado wanatoa themostati eti injini ipoe, jambo ninalolipigia kelele tangu enzi za Mark II ya GX100. Injini isiyofikia joto lake inamiminiwa petroli nyingi, petroli inachanganyika na oili, na mvuke unaokwenda kwenye valvu unazidi kuwa mchafu. Themostati irudishwe kabla ya kuzungumza lolote lingine.

Kwa anayenunua sasa: fika kwa muuzaji kabla injini haijawashwa, iache ingurume yenyewe bila kukanyaga mafuta, uitazame. Ukiweza, tafuta GRX133. Ushuru wa bidhaa hapa Tanzania hautofautishi cc 2,499 na 3,456, zote ziko kwenye kundi la juu ya cc 2,000. Utalipia zaidi bei ya kununulia na petroli, lakini nozeli 12 utazikuta.