Lugha nzuri ya mkunga inapimwaje?

Hebu tuanze na hesabu hii. Katika hospitali moja kubwa ya Dar es Salaam, watafiti waliwauliza akina mama, saa chache tu baada ya kujifungua, kama walitendewa vibaya kwa namna yoyote: kutukanwa, kupigwa, kuachwa peke yao, kukosa faragha. Asilimia 15 walisema ndiyo. Wiki 4 hadi 6 baadaye, kundi dogo kati yao lilifuatwa mtaani na kuulizwa tena. Safari hii waliosema ndiyo walikuwa asilimia 70. Utafiti huo, ulioongozwa na David Sando, ulichapishwa mwaka 2016.

Utaniuliza: sasa ukweli ni upi? Swali zuri, na ndilo lililonifanya niandike. Siku hizi ukipita maktaba za vyuo vyetu vya afya utakuta kazi nyingi kuhusu ustawi wa mgonjwa na stadi za hisia za muuguzi: uvumilivu, kujali, kujidhibiti ukiwa na hasira. Nyingi zinaishia pale pale, kwamba wauguzi na wakunga wapewe mafunzo ya stadi hizo. Nia ni njema. Lakini nina mashaka mawili. La kwanza ni kipimo, la pili ni dawa yenyewe.

Kipimo kwanza

Dar es Salaam haiko peke yake. Mkoani Tanga, kwenye mradi ulioitwa Staha, Margaret Kruk na wenzake waliwahoji akina mama 1,779 wakati wakitoka kwenye vituo 8 vya kujifungulia. Kama asilimia 19 walieleza kutendewa vibaya. Baadhi yao walipohojiwa tena baada ya wiki kadhaa, ilifika asilimia 28. Pengo ni dogo kuliko la Dar, ila linaelekea upande ule ule.

Sababu si ngumu kuiona. Mama ametoka leba salama, mtoto analia vizuri, na aliyemzalisha bado anapita hapo kitandani. Nani atafungua mdomo? Akishafika nyumbani, akapumzika na kuongea na mama yake na majirani, mambo anayaona upya. Lakini tusikimbilie kusema asilimia 70 ndiyo Tanzania nzima. Kundi lile lilikuwa dogo, na mazungumzo ya nyumbani yanakumbusha mengi kuliko maswali ya haraka ya wodini. Ninachosema ni hiki tu: mahali na muda wa kuuliza vinaweza kubadilisha jibu kabisa. Utafiti usioeleza wapi na lini uliuliza, usiuamini haraka.

Sasa chukua dodoso hilo ulipeleke kwetu Lusewa, huku Namtumbo, mbali na Songea mjini. Dar mama anaweza asimwone tena mkunga yule maisha yake yote. Kwenye kata kama hii, mkunga ndiye utakayekutana naye mashineni na dukani, na ndiye atakayempima mtoto wako kliniki mwezi ujao. Ukimuuliza mama mlangoni mwa kituo kama alijibiwa vibaya, humuulizi habari za leba peke yake. Unamuuliza kama yuko tayari kuishi na jibu lake. Kwa hiyo kituo cha kijijini kikipata alama nzuri kuliko hospitali ya mjini, inaweza kuwa huduma kweli ni nzuri, na inaweza kuwa watu wameogopa. Namba tupu haitakwambia ni lipi.

Upande wa muuguzi nako kuna shida yake. Vipimo vingi vya stadi za hisia humtaka mhudumu ajipime mwenyewe. Mfano unaotumika sana duniani ni kipimo cha Jefferson, kilichotengenezwa Philadelphia, Marekani: sentensi 20, kila moja unasema unakubaliana nayo kiasi gani. Jamani, ni muuguzi gani ataandika kwamba hajali wagonjwa? Unachopata hapo ni kujua anafahamu anachotakiwa kusema. Hujajua alichokifanya saa tisa usiku.

Halafu kuna lugha. Neno la Kiingereza linaloleta maana ya kujiweka mahali pa mwenzako mara nyingi tunalitafsiri huruma. Lakini huruma kwetu humshukia mtu kutoka juu, kama ya tajiri kwa maskini. Wasikilize akina mama wenyewe wanavyopima: alinipokea vizuri, alinijibu vibaya, ana lugha chafu, alinielekeza, aliniacha. Kipimo chao kipo tayari, na kiko kwenye matendo yanayoonekana. Nashangaa tunakwenda mbali kutafuta kingine wakati hiki kingeweza kuandikwa kwenye dodoso kama kilivyo.

Sasa dawa

Mwaka 2017 Stephanie Kujawski na wenzake walichapisha matokeo ya hatua zilizojaribiwa kwenye mradi ule wa Tanga. Hospitali moja ilipewa mabadiliko, nyingine ikabaki ya kulinganishia. Kwenye hospitali ya mabadiliko, uwezekano wa mama kutendewa vibaya, kwa hesabu ya uwiano wanayotumia wanatakwimu, ulipungua kwa asilimia 66. Angalia hapo: haimaanishi kwamba kati ya akina mama 100 wameokolewa 66. Na hospitali ni mbili tu, kwa hiyo tusipige vigelegele sana.

Kinachonivutia ni yaliyokuwamo kwenye hayo mabadiliko. Kulikuwa na mkataba wa huduma uliojadiliwa na jamii pamoja na wahudumu. Kulikuwa na mapazia, sehemu ya faragha ya kupokelea wajawazito, maoni ya akina mama wanapotoka, na chai kwa walio zamu. Chai, msomaji! Hakuna aliyemwambia mkunga ajifunze kutabasamu halafu akamwacha na wodi ile ile.

Mwanasosholojia wa Marekani, Arlie Hochschild, aliwachunguza wahudumu wa ndege, na katika kitabu chake cha mwaka 1983 akaonyesha kwamba kutuliza uso na sauti ukiwa kazini ni kazi kamili, na inachosha kama kubeba mizigo. Ukilikubali hilo, kumwongezea stadi za hisia mkunga aliye peke yake zamu nzima ni kumwongezea kazi. Tasnifu inayopendekeza semina bila kuhesabu waliokuwa zamu siku ya utafiti imemsahau mfanyakazi iliyekuja kumchunguza.

Najua utanipinga: mbona wodi moja, zamu moja, mkunga huyu anasema “pole mama, karibu tunamaliza” na yule anafoka? Kweli. Uhaba hauruhusu mtu kumpiga kofi mzazi, na Baraza la Uuguzi na Ukunga lipo kwa ajili ya mambo kama hayo. Stadi zipo na zinafundishika, hasa kueleza unachofanya kabla ya kumgusa mtu, na kutoa habari mbaya bila kukimbia. Lakini watafiti wangemfuata basi yule anayesema pole, wakae naye zamu kadhaa, waone anafanyaje na anasaidiwa na nani. Kazi za namna hiyo ni chache kuliko za dodoso, kwa sababu zinakula muda. Kigoma nako mradi wa Thamini Uhai ulijaribu njia nyingine, wa kumpa mama msindikizaji ndani ya leba, na akina mama waliridhika zaidi. Hisia za mama pale hazikuachwa mikononi mwa mkunga peke yake.

Kwa hiyo ukikutana na utafiti wa aina hii, hata ukiwa wa rafiki yako, muulize mambo matatu. Akina mama waliulizwa wapi, na baada ya muda gani? Stadi zilionekana kwenye matendo, au muuguzi alijisifia kwenye karatasi? Na zamu hiyo walikuwa wahudumu wangapi kwa wazazi wangapi?

Maswali haya yana uzito. Kwa takwimu za kitaifa za 2022, asilimia 81 ya watoto Tanzania walizaliwa kwenye vituo vya afya, kutoka asilimia 63 za 2015 na 2016. Tumewaambia akina mama waje, na wamekuja, wengine kwa bodaboda usiku. Mama aliyejibiwa vibaya hahitaji dodoso kuamua mimba ijayo atajifungulia wapi, na akishabaki nyumbani hatumwoni tena kwenye takwimu zetu za kituoni.