Mbege Haimngoji Mtu

Mpika mbege hodari wa Kilimanjaro haanzi kwa kukuuliza unataka lita ngapi. Anauliza mtakunywa lini. Ukimjibu "Jumamosi", anauliza tena: asubuhi au jioni? Mtu aliyezoea bia ya chupa anaweza kudhani mama huyu ana maswali mengi kuliko biashara yenyewe. Bia ya kiwandani hupikwa kwanza, tarehe ya mwisho ikapigwa chapa baadaye. Kwa mbege, tarehe ndiyo hutangulia. Siku ya kunywa ikishajulikana, kazi yote huhesabiwa kwa kurudi nyuma kutoka hapo: siku ya kuchuja, siku ya kuchemsha, siku ya kuloweka ulezi, hadi siku ya kuangusha mkungu. Hesabu ikipotea siku moja, wageni watakuta kinywaji kitamu cha watoto, au kitu kinachoelekea kuwa siki.

Mama ninayemweleza hapa anaishi upande wa Marangu, na hesabu hiyo haiandiki popote.

Kazi huanzia kihambani, chini ya migomba iliyochanganyika na kahawa na miti mirefu ya kivuli. Hatazami rangi ya ndizi, kwa kuwa zote bado ni za kijani. Anatazama umbo. Kidole cha ndizi changa kina kingo unazoweza kuzihesabu kwa kidole gumba. Kikikomaa, kingo hufutika na kidole kikawa mviringo. Mkungu ukifika hapo hukatwa na kubebwa hadi jikoni, ukapandishwa darini juu ya moto. Wengine huvundika ndizi zao shimoni, chini ya majani makavu ya mgomba. Yeye anapenda dari, kwa sababu joto na moshi wa kila siku hufanya kazi hata yeye akiwa sokoni, na kwa sababu kule juu anaweza kuzigeuza.

Anazigeuza kweli. Chane za juu hushuka chini, za pembeni huletwa katikati, ili zote ziive pamoja. Anabonyeza shingo ya kidole, pale kinaposhikana na chane, kwa maana hapo ndipo ndizi huchelewa kulainika. Rangi ya njano haimtoshi. Anangoja hadi ganda liwe na madoa meusi, ndizi ambayo muuzaji wa mjini angekuwa ameshaipunguzia bei. Ana sababu. Ndizi mbichi imejaa wanga, na hamira haiwezi kula wanga, inakula sukari. Kila siku ndizi inapokaa darini, wanga unageuka sukari. Kuivuta chini mapema ni kupika pombe isiyo na nguvu. Kati ya Juni na Agosti, ukungu unapolala mlimani na baridi ikaingia hadi jikoni, ndizi huchelewa kuiva, naye huongeza siku kwenye hesabu bila kuambiwa na mtu.

Siku ya kuchemsha ni ya kuni. Ndizi humenywa, zikatiwa kwenye pipa lililokaa juu ya mafiga, maji yakamiminwa hadi yazifunike. Halafu ni saa nyingi za mwiko. Mwiko wenyewe ni mrefu, umeshikwa mpaka ukang'aa, na haupiti juu juu: unashuka hadi chini kabisa ya pipa, unakwangua, unapanda. Ndizi zikishika chini na kuungua, ladha ya masizi itapita kwenye kila hatua inayofuata na kumfikia mnywaji. Rangi hubadilika polepole sana, kutoka weupe wa uji kwenda manjano, kisha wekundu unaoelekea kahawia. Anapoona wekundu huo anaanza kuvuta kuni nje, moja moja.

Rojo huachwa lipoe, likahamishiwa kwenye chombo cha kuchachushia na kufunikwa kwa majani ya mgomba. Hakuna hamira inayotiwa. Moto umeua kila kilichokuwa hai ndani ya ndizi, kwa hiyo uhai mpya lazima utoke mahali pengine: hewani, kwenye majani, na zaidi ya yote kwenye chombo chenyewe, ambacho kimechachushia mbege nyingi kabla ya hii. Ndiyo maana pipa hilo halitumiki kwa maji wala kwa maziwa, na hakuna anayeruhusiwa kulisugua kwa sabuni. Rojo linalochacha humo huitwa nyonyo. Huku kwenye mteremko huchukua kama wiki moja. Chini karibu na Moshi, ambako kuna joto, huwahi zaidi. Kila asubuhi mama huinua jani moja pembeni na kuinama. Kwanza anasikiliza, kwa sababu nyonyo iliyoamka hutoa mchemko mdogo unaosikika ukitega sikio. Kisha ananusa. Kisha anarudisha jani mahali pake, na kwa siku hiyo kazi yake na pipa imekwisha.

Wakati nyonyo ikingoja, inafaa kuuliza kwa nini bia nyingine zinaweza kukaa na hii haiwezi.

Bia ya chupa tuliyoizoea Afrika Mashariki, ile nyepesi ya rangi ya dhahabu, huchujwa hadi ing'ae na kisha hupashwa joto la nyuzi 60 hivi ili kilichobaki hai kife. Njia hiyo ina jina la Louis Pasteur, Mfaransa aliyechapisha kitabu chake kuhusu bia mwaka 1876. Bia ya namna hiyo haichachi tena, lakini haikwepi kuzeeka. Oksijeni kidogo iliyobaki chini ya kizibo huigeuza taratibu mpaka ikanuka boksi lililoloa maji. Mwanga huiharibu upesi zaidi: ukipiga kwenye uchungu wa hopsi, maua yanayotiwa kwenye bia, hutoa harufu mbaya inayotambulika mara tu kizibo kinapofunguka, na chupa ya kahawia iliwekwa ili kuuzuia. Joto huharakisha yote. Nikiona kreti za bia zimepangwa juani mbele ya duka huwa naumia, maana tarehe iliyoandikwa pale, miezi sita au tisa mbele, iliandikwa kwa bia iliyohifadhiwa vizuri.

Hata kwenye chupa, bia hazizeeki sawa. Zile zilizojazwa hopsi kwa ajili ya harufu, kama IPA, ndizo za kunywewa mapema, ndani ya miezi michache, kwa kuwa harufu hiyo ndiyo ya kwanza kuondoka. Nyeusi nzito zenye kilevi kingi zinaweza kulala miaka na zikapendeza zaidi. Huko Uingereza, mwaka 1968, kiwanda cha Eldridge Pope kilipika Thomas Hardy's Ale, bia kali waliyoitangaza kuwa itadumu miaka 25 ikihifadhiwa vyema. Na Ubelgiji kuna wachanganyaji wa bia ya gueuze, wanaochukua bia iitwayo lambic, ya mwaka mmoja, ya miwili na ya mitatu, wakaionja pipa kwa pipa kabla ya kuichanganya. Lambic nayo haitiwi hamira ya dukani. Huachwa wazi usiku ili hewa iipe hamira yake. Kwa hiyo jambo la hamira ya hewani haliwatenganishi na mama wa Marangu. Kinachowatenganisha ni kwamba wao huiacha iwe chachu na kali kwa miaka katika hali ya ubaridi, na uchachu ndio walioutaka. Yeye anautaka utamu na nguvu vikutane, na vitu hivyo viwili havikai pamoja muda mrefu.

Turudi jikoni, kwenye ulezi. Huu ulianza safari yake siku hizo hizo, pembeni. Ulioshwa, ukatolewa mchanga kwa kupepetwa ndani ya maji, ukalowekwa usiku kucha, kisha ukatandazwa kwenye gunia lenye unyevu na kufunikwa. Mama huunyunyizia maji na kuuvuruga kwa vidole ili usishikane na kupata joto. Baada ya siku mbili au tatu unatoa vichipukizi vyeupe, na hapo jicho lake ndilo linaloamua. Kichipukizi kifupi mno, kimea hakijapata nguvu ya kugeuza wanga. Kirefu mno, mmea umeanza kuila akiba ambayo yeye aliikusudia pombe. Huuanika juani hadi ulie ukitikiswa, akaupeleka mashineni ukasagwe. Kimea kikavu kinaweza kukaa miezi. Katika mbege yote, ni hicho tu kinachojua kusubiri, na mpishi mwenye akili huwa na gunia lake tayari wakati wote.

Kuna kitu cha tatu, nacho ni msesewa. Ni gome la mti ambao wataalamu wa mimea huuita Rauvolfia caffra, hukaushwa na kutwangwa, na uchungu wake humkumbusha mtu kwinini. Unafanya kazi ambayo hopsi hufanya Ulaya kwa upande wa ladha: unaukata utamu wa ndizi ili mnywaji asichoke. Lakini uchungu wa hopsi pia huwazuia bakteria wengi wanaochachua, na ndio uliowawezesha wapishi wa Ulaya kuweka bia yao muda mrefu na kuisafirisha mbali. Msesewa hauipi mbege umri huo. Mama huupima kwa ncha za vidole, anaonja kutoka kiganjani, anatema mate kidogo, anaongeza chembe. Hapa mkono wake unakuwa mzito kuliko mahali pengine popote. Ndizi zikizidi hakuna atakayelalamika. Msesewa ukizidi pipa zima halinyweki.

Siku moja kabla ya siku iliyotajwa na wateja, nyonyo hufunguliwa. Huongezewa maji na kuchujwa. Mama hukamua kwa mikono miwili, akilisonga rojo kwenye kitambaa hadi machicha yabaki makavu, na machicha hayo yanakwenda kwa nguruwe. Maji yaliyotoka ni mekundu, yana ukali wa kilevi na uchachu mwembamba, lakini bado si mbege. Kando yake anapika uji wa unga wa kimea, unaoitwa mso, akiutia msesewa. Uji huu lazima upoe. Hana kipimajoto, anaushika kwa nje ya sufuria, kisha anachovya kidole. Ukiwa moto utaiua hamira iliyofanya kazi wiki nzima. Ukiwa baridi sana, hamira italala na asubuhi itakuta kinywaji kimepooza.

Unapokuwa vuguvugu huumimina kwenye maji ya ndizi, akikoroga kwa upole, jioni, jua likiwa limeshashuka. Hamira iliyokuwa imekwisha kula sukari ya ndizi inapata chakula kipya, sukari ya kimea, na inaamka kwa kishindo. Usiku huo pipa halijazwi hadi ukingoni, kwa sababu povu litapanda. Asubuhi juu pametanda blanketi la ulezi, na chini yake kinywaji kinatembea chenyewe.

Siku ya kwanza mbege ni tamu, nzito, ina ulezi unaoutafuna kidogo kila unapomeza. Huchotwa kwa kata, kibuyu chenye mkono mrefu, na wazee wana desturi ya kuipokezana badala ya kila mtu kushika yake. Siku ya pili utamu umepungua na nguvu imepanda; wapo wasiokuja mpaka siku hii, na huwezi kuwalaghai kwa ya jana yake. Siku ya tatu uchachu unashinda. Bakteria wanaotengeneza asidi walikuwepo tangu mwanzo wakifanya kazi sambamba na hamira, na hewa inayoingia kila kifuniko kinapoinuliwa inageuza kilevi kuwa siki. Wagema wa pwani wanaijua safari hiyo hiyo kwenye tembo la mnazi, ila kwao husafiriwa kwa saa badala ya siku.

Wapo waliojaribu kufungia pombe ya ndizi kwenye chupa, na wamefaulu. Arusha, kampuni ya Banana Investments hutengeneza pombe ya ndizi iliyochujwa, inayokaa dukani na kusafiri kwa lori. Ni kinywaji halali na kina wapenzi wake. Hakina ulezi wa kutafuna, na hakibadiliki kati ya leo na kesho, jambo ambalo kwa kiwanda ni sifa na kwa wazee wa mlimani ni kasoro.

Ustadi wote wa mama huyu huonekana mwisho wa Desemba. Wachagga walio Dar es Salaam, Arusha na Mwanza hurudi nyumbani kwa Krismasi, na migomba yote ya kihamba haiwezi kuzaa mbege moja itakayodumu siku zote hizo. Basi hapiki pipa kubwa. Anapika madogo mengi, kila moja na siku yake, akayatia alama kwa mkaa ubavuni: mstari mmoja, miwili, mitatu. Mikungu ilipandishwa darini kwa awamu tangu mapema, ulezi ulilowekwa kwa awamu, na kila siku kuna pipa moja linalochujwa na kutiwa mso jioni. Tarehe 24 kuna mbege ya siku ya kwanza kwa wanaopenda tamu; tarehe 25 ipo tamu na ipo kali; tarehe 26 mpangilio ni ule ule, kwa mapipa mengine. Kwa wiki nzima, kila anayeingia uani anakuta umri anaoutaka.

Alasiri ya Krismasi mzee mmoja alikuta foleni na akaonyesha pipa lililofunikwa, lenye mistari mitatu.

"Hilo mbona hamlifungui?"

"Hilo halijatiwa mso, baba. Ni la kesho."

"Nipe hivyo hivyo, nitalipa bei ile ile."

"Kesho, baba," alisema, na akamchotea ya jana kwa bei pungufu.