Juu ya Hekaya za Ajabu, na Vitabu Vinavyostahili Kusomwa

Katika Kiswahili hatuna neno moja la kutaja kitabu kirefu kinachosimulia nchi isiyokuwako, yenye watu wake, lugha zake na sheria zake, ambamo joka husema na pete yaweza kumficha mtu asionekane. Tunayo maneno ngano, kisa, hekaya na hadithi, na kila moja lina kazi yake; walakini ngano ni fupi, nayo husimuliwa usiku, na hadithi yaweza kuwa ya kweli au ya kubuni. Basi hapa tutasema hekaya za ajabu, na msomaji aelewe kuwa twataja vitabu vilivyotungwa na mtu mmoja ajulikanaye kwa jina, si masimulizi yaliyopokewa kwa wazee.

Twaandika haya kwa sababu walimu wenzetu wapendao kusoma hutaka kujua ni vitabu gani vya namna hii vinavyofaa kununuliwa kwa fedha zao kidogo. Wengine, wala si wachache, huona haya kukutwa navyo mkononi. Husema kwamba ni mambo ya watoto. Na wako wasemao kwamba ni mlango wa uchawi. Neno hili la pili ni zito, nasi tutalijibu mahali pake.

Wa kwanza hana budi kuwa J. R. R. Tolkien, maana wengi waliomfuata wamechuma katika kitabu chake kama katika shamba lisilo na mlinzi. Alizaliwa Bloemfontein, Afrika ya Kusini, mwaka 1892, akachukuliwa Uingereza angali mtoto mdogo, na baadaye akawa profesa wa lugha ya kale ya Waingereza huko Oxford. Kitabu chake The Hobbit kilitoka mwaka 1937, na The Lord of the Rings katika majuzuu matatu, mwaka 1954 na 1955. Lakini kabla ya kukisifu kitabu hicho twapenda kumtaja kwa jambo jingine, ambalo wasomaji wa gazeti kama hili hawatalichukia.

Mwezi wa Machi 1939 Tolkien alisoma hotuba katika chuo cha St Andrews, Uskoti, kwa kumkumbuka Andrew Lang, yule aliyekusanya ngano za mataifa mengi. Alipotaka kuonyesha ni hadithi gani isiyostahili kuingizwa katika jamii ya hekaya za ajabu, mfano alioutwaa ulikuwa wa kwetu: kisa cha kima na papa. Kisa hicho Edward Steere alikipata Unguja, akakichapisha London mwaka 1870. Lang naye akakitia katika mkusanyo wake wa mwaka 1910. Kila mtoto wa pwani akijua. Papa amchukua kima mgongoni, na walipofika katikati ya bahari amwambia kwamba sultani wa huko ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima ajibu kuwa moyo wake ameuacha nyumbani mtini; na papa, mjinga yule, amrudisha pwani.

Tolkien asema kwamba hiki ni kisa cha wanyama tu, na mnyama ndani yake ni barakoa juu ya uso wa mtu. Tena adhani kwamba Lang alikipenda kwa sababu ya ule moyo uliotungikwa mtini, maana mataifa mengi husimulia habari za mtu aliyeficha uhai wake mahali pa mbali. Bali hapa, asema, jambo hilo ni mzaha tu, kwa kuwa moyo wa kima ulikuwa kifuani mwake siku zote.

Katika sehemu ya kwanza twakubaliana naye kabisa. Sungura wetu ni mwanadamu mwenye manyoya, na kila asikilizaye ajua. Katika sehemu ya pili twaona kwamba alikisoma kisa hiki kwa lugha isiyo yake. Moyo, kwa Mswahili, si nyama tu iliyomo kifuani. Twasema mtu hana moyo, mtu ametia moyo, mtu amesema moyoni. Ni makao ya ushujaa, na ya mawazo pia. Ndiyo sababu katika kitabu cha Steere kima, akialikwa mara ya pili, amsimulia papa habari za punda wa dobi, aliyeponea chupuchupu makucha ya simba, kisha akabembelezwa akarudi kuuawa. Simba alipoulizia moyo na masikio, sungura, aliyekwisha kuvila, alijibu kwamba punda yule hakuwa na moyo wala masikio, maana angalikuwa navyo asingalirudi. Mzaha wenyewe, basi, ni mzaha juu ya akili. Profesa aliona ganda la nazi, akasema halina maji.

Iko ngano nyingine ya Steere ambayo twaamini ingalimshinda, nayo ni ile ya Sultani Darai. Maskini achakuraye jaani ampata paa kwa thumuni moja. Paa amtafutia mke na nyumba, amwua nyoka wa vichwa saba, kisha augua, na bwana wake, aliyekwisha tajirika, amnyima hata uji ulio mwema. Paa huyu si barakoa. Ni paa kweli kweli, naye mwanadamu amkosea. Lakini Tolkien ataka hekaya iliyo kamili iishe kwa furaha isiyotazamiwa, na ya kwetu yaisha kwa mtu kuamka yu jaani vile vile. Hapo ndipo tofauti kubwa ilipo kati ya hekaya za Wazungu na zetu, wala si katika majini na mazimwi.

Hata hivyo mtu aliyelelewa na ngano ya paa atakielewa The Lord of the Rings upesi. Ni habari ya pete yenye nguvu mbaya, ambayo haina budi kupelekwa mbali na kuharibiwa, na mchukuzi wake ni mtu mdogo, Frodo, asiye na cheo wala upanga wa sifa. Furaha ipo mwishoni, lakini aliyebeba mzigo harudi kama alivyotoka. Na sura zile za baada ya ushindi, ambazo wasomaji wenye haraka huziruka, ndizo tuzipendazo kuliko zote. Asiye na subira na aonywe: mwanzo ni mrefu, wa karamu na ukoo na tumbaku. Yako pia yatakayomkwaza Mwafrika, maana watu wa kusini, wenye ngozi nyeusi au ya kahawia, wamewekwa upande wa adui. Haifai kulificha jambo hili. Lakini haifai pia kusahau pale ambapo Sam, mtumishi wa Frodo, amwona mmoja wao ameanguka maiti, akajiuliza kama kweli mtu huyu alikuwa na moyo mbaya, au ni uwongo gani au vitisho gani vilivyomtoa kwao. Twatamani mwandishi angalikaa hapo kidogo zaidi.

Rafiki yake C. S. Lewis tutampitia upesi. Vitabu vyake saba vya Narnia, vya mwaka 1950 hata 1956, ni vyepesi na vyafaa kusomewa watoto darasani. Na visomwe kwa mpango vilivyotoka, kuanzia kile cha simba, si kama wachapaji wa siku hizi wanavyovipanga. Kile cha The Horse and His Boy hatukisifu. Watu wa vilemba wamechorwa humo kwa dharau isiyo na sababu, na mwalimu mwenye wanafunzi Waislamu atajikuta akiomba radhi kila sura.

Sasa twafika kwa Ursula K. Le Guin, Mmarekani, aliyekufa mwaka 2018. Na kama msomaji ana fedha za kitabu kimoja tu, twamwambia anunue A Wizard of Earthsea, cha mwaka 1968. Baba yake, Alfred Kroeber, alikuwa mtaalamu wa mila za wenyeji wa Marekani, na binti alijifunza nyumbani kuzitazama desturi za watu bila kuzicheka. Nchi ya kitabu hiki ni visiwa vingi baharini. Watu wake husafiri kwa vyombo vya tanga, hujua pepo na majira yake, na ngozi zao ni nyekundu kama shaba au nyeusi. Weupe ni maharamia watokao mashariki. Kwa miaka mingi wachapaji walimchora Ged, kijana wa kitabu hicho, kuwa mweupe jaladani, na mwandishi akalalamika hadharani.

Katika visiwa hivyo kila kitu kina jina lake la kweli, na alijuaye ana nguvu juu yake. Mtoto akibalehe huvuka maji, akapewa jina lake la kweli, naye halitaji ila kwa yule amwaminiye kabisa. Msomaji Mzungu huona haya kuwa ubunifu wa ajabu. Sisi tulio na majirani Wayao, ambao kijana wao akitoka jandoni huwa na jina jipya, na kumwita kwa jina la utoto ni kumtukana, twaona kwamba mwandishi amechimba kisima mahali penye maji. Na sisi tuliobatizwa, je, hatukupewa majina majini?

Ged ana kipawa kikubwa na kiburi kikubwa zaidi. Kwa kushindana na mwenzake shuleni ataka kumwita mfu, na badala yake chatoka kivuli kinachomwinda nchi kwa nchi. Nusu ya pili yaeleza jinsi alivyogeuka akaanza kukiwinda yeye. Hatutasema zaidi, isipokuwa kwamba hakuna jeshi katika kitabu hiki wala mfalme wa kutawazwa mwishoni, na chombo kidogo chenye vijana wawili katika bahari isiyo na upande kilitushika kuliko vita vyote vya Tolkien.

Hapa ndipo pa kujibu lile neno la uchawi, nalo kwanza ni swali la lugha. Anayetaka kufasiri jina la kitabu hiki kwa Kiswahili atatwaa kamusi, akute mchawi, aandike mchawi. Na hapo amekwisha kukiua. Mchawi kwetu ni mtu mmoja tu: adhuruye jirani kwa siri usiku. Hakuna mchawi mwema, kama vile hakuna mwizi mwaminifu. Msomaji atamchukia Ged kabla hajazaliwa. Mganga lakaribia zaidi, kwa kuwa mganga hufunzwa na mkubwa wake kwa miaka, hujifunza majina ya miti na mizizi, na ana miiko; na katika kisiwa cha Ged mafundisho ya mwalimu wake Ogion ndiyo hayo hasa, majina ya majani na kunyamaza. Sisi tungeandika mganga, na mchawi tungemwachia yule atumiaye elimu hiyo kwa kiburi. Tukisha kugawanya hivi, wasiwasi wa wenzetu wapungua sana, maana kitabu chenyewe chahukumu kama wazee wetu walivyohukumu: nguvu isiyo na mpaka humla mwenyewe. Hakifundishi dawa wala apizo lo lote, na Le Guin hakuwa Mkristo. Twalisema ili mtu asidhani twamtetea kwa sababu hiyo.

Kwa wale ambao bado wana shaka, twawaelekeza Nigeria. D. O. Fagunwa alikuwa mwalimu wa shule za misheni kama sisi. Mwaka 1938 kitabu chake cha Kiyoruba, Ogboju Ode ninu Igbo Irunmale, kilichapishwa Lagos na misheni ya C.M.S. yenyewe. Ni habari za mwindaji, Akara-ogun, aingiaye katika msitu wa mizimu akapambana na viumbe ambavyo Tolkien hakuviota. Wole Soyinka alikifasiri kwa Kiingereza mwaka 1968, na kwa njia hiyo twaweza kukisoma. Kasoro yake ni mahubiri. Mwandishi husimamisha vita ili kuwaonya vijana watii wazazi, ugonjwa ambao walimu twaujua. Lakini viumbe vyake havikuazimwa kwa mtu. Vimetoka katika lugha yake, na kila kimoja kina sura, mwendo na matusi yake.

Kwetu Shaaban Robert alikaribia sana. Kusadikika, cha mwaka 1951, ni nchi iliyo angani, lakini hamu ya mwandishi ni hukumu na sheria, si ajabu. Adili na Nduguze, cha mwaka 1952, kina kiini kilichotoka katika Alfu Lela U Lela: mtawala mwema ana manyani wawili ambao hana budi kuwapiga mijeledi kila usiku kwa amri ya jini, na manyani hao ni ndugu zake. Hatujui mwanzo mwema kuliko huu katika lugha yetu. Kinachotuudhi ni majina. Mtu akiitwa Hasidi na mwenziwe Mwivu, msomaji ataona ajabu gani watakapohusudu? Steere, tangu 1870, alituachia nunda, paka aliyekula kuku, kisha ng'ombe, kisha wana wa sultani mwenyewe, na sultani kila mara akisema paka ni wake. Mnyama huyo hajapata kitabu.

Atakayeanza, basi, na aanze na Le Guin, kisha Fagunwa, kisha Adili, akiviweka vitatu hivi karibu karibu ili avipime. The Lord of the Rings akiweke kwa likizo ya Desemba, mvua zinapomzuia nyumbani, kwa kuwa hakisomeki kwa vipande. Na akichoshwa na sura za kwanza, avumilie mpaka watu wadogo watakapoivuka mipaka ya nchi yao.