Kazimoto na Mikono Isiyo Yangu

Nilipokisoma Kichwamaji mara ya kwanza, niliamini nimepata ndugu. Kazimoto, msomi wa chuo kikuu anayerudi kijijini, anayatazama mapenzi, wazazi na hata misiba kana kwamba vyote vinatokea nyuma ya kioo. Tulizoea kuiita hali hiyo falsafa: Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, aliitoa riwaya hii mwaka 1974 akihoji kama maisha yana maana.

Kisha nikamzika baba. Wiki chache baadaye, ndani ya meli ya kutoka Mwanza kwenda Nansio, niliitazama mikono yangu imeshika chuma cha ubavuni nikaona si yangu. Sauti za abiria zilikuwa mbali. Sikulia, sikuogopa. Nilijiambia: sasa na mimi nauona ukweli.

Haukuwa ukweli. Mtaalamu wa saikolojia alinieleza kuwa hali hiyo huitwa disosiesheni: akili iliyozidiwa na mshtuko hujitenga na mwili, kama mtu anavyozima swichi kuu radi zinapopiga. Ni kinga. Ikikaa sana, huwa kifungo.

Nimekirudia kitabu nikiwa na jina hilo mkononi. Naona sasa kile ambacho usomaji wa kifalsafa peke yake unakiruka: ubaridi wa Kazimoto una historia. Dada yake, Rukia, anapewa mimba na Manase, kisha anakufa. Kazimoto anaugeuza uchungu kuwa hoja. Kwa kuwa anasimulia mwenyewe, hakuna sauti ya pembeni ya kumwambia, "Kaka, umeumia." Hapo ndipo ilipo nguvu ya Kezilahabi, na hapo hapo ndipo ilipo hatari kwa msomaji kijana: jeraha linavaa joho la hekima. Mwishoni Kazimoto anajiua, na hoja zake zote hazikumshika mkono.

Simlaumu mwandishi, riwaya si zahanati. Ninachokilaumu ni usomaji wetu, unaojadili mawazo kama vile hayana mwili.

Mimi niliulizwa. Mama alinitazama mezani, akasema, "Mwanangu, upo?" Tangu siku hiyo, hali ikinijia, nagusa kitu cha baridi, nataja vitu vitano ninavyoviona, navuta harufu. Mwaloni Kirumba hunisaidia kuliko kote: mbele ya magunia ya dagaa, mwili hukumbuka wenyewe ulipo.