Uhakiki wa Ushahidi wa Vitambuzi Vinavyong'aa vya Kaboni Monoksaidi katika Seli Hai

Kaboni monoksaidi hufahamika zaidi kama gesi ya sumu inayowaua watu waliolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Hata hivyo, mwili wenyewe huizalisha gesi hiyo unapovunja hemu kwa kimeng'enya cha hemu oksijenasi, ambacho Tenhunen, Marver na Schmid walikieleza mwaka 1968. Kwa kuwa kiasi chake ni kidogo mno, kuiona ndani ya seli hai kunahitaji kitambuzi, yaani molekuli inayong'aa chini ya hadubini inapokutana nayo.

Mwaka 2012 vilitolewa vitambuzi viwili vya msingi. COP-1, kutoka maabara ya Christopher Chang nchini Marekani, hubeba paladiamu inayofifisha nuru ya molekuli. Gesi inapoifikia, metali hiyo huondoka na nuru huongezeka. COSer, kutoka kundi la Chuan He, imeundwa kutokana na CooA, protini ambayo bakteria Rhodospirillum rubrum huitumia kuihisi gesi hiyo.

Vitambuzi vingi vimefuata. Udhaifu mkuu wa baadhi yake haumo katika usanisi, bali katika uthibitisho. Gesi ni ngumu kuipima kwa usahihi, hivyo watafiti wengi huweka mahali pake CORM-2 au CORM-3, misombo ya rutheniamu inayotarajiwa kuiachilia. Mwaka 2020, kundi la Binghe Wang lilionyesha kwamba vitambuzi vinavyotegemea kubadilika kwa kikundi cha naitro kuwa amino huitikia msombo wenye rutheniamu, wala si gesi safi. Nuru iliyoonekana ilikuwa ya kweli. Tafsiri yake ndiyo iliyokosa msingi.

Kasoro hiyo ni ya kimantiki kabla ya kuwa ya kikemia. Kisababishi kimoja hakiwezi kuthibitishwa ilhali kimeambatana na kingine ambacho hakikutenganishwa nacho. Athari zake zinavuka mipaka ya maabara, kwa kuwa misombo hiyohiyo imetumiwa kujenga hoja kwamba gesi hii inaweza kuwa tiba. Iwapo rutheniamu ndiyo iliyotenda, basi sifa imepewa isiyestahili.

Kwa hiyo, kitambuzi chochote kipya hakina budi kujaribiwa kwanza kwa gesi safi, kisha kwa msombo wa rutheniamu usiotoa gesi, ndipo picha za seli zihesabiwe kuwa ushahidi.