Kutoka Bao hadi Bantumi: Tahakiki ya Mchezo Uliorahisishwa

Utangulizi

Mwaka 2000 kampuni ya Nokia ilitoa simu ya mkononi aina ya 3310, na ndani yake ulikuwamo mchezo ulioitwa Bantumi. Kwa jina lake mchezo huo ulijinasibisha na Waafrika wa jamii za Kibantu. Kwa mashimo na mbegu zake ulidai undugu na bao. Hata hivyo, mchezaji aliyelelewa mbele ya ubao wa safu nne hauchezi kwa muda mrefu kabla ya kusikitika. Makala haya yanakusudia kupima kama masikitiko hayo yana msingi, na kwa nini Lubumbashi ni mahali pafaapo kuyapimia.

Kilichoondolewa

Kanuni za Bantumi hazikutoka barazani. Zinafuata zile za Kalah, mchezo uliobuniwa na Mmarekani William Julius Champion mwaka 1940. Kalah ina safu mbili za mashimo sita, na kila mchezaji ana ghala lake pembeni. Mbegu ikishaingia ghalani haitoki tena, na mwisho wa mchezo mbegu huhesabiwa. Mwenye nyingi ndiye mshindi.

Bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane, na kete 64. Mchezo huanza na kete kumi tu ubaoni kwa kila upande: sita katika nyumba, na mbili mbili katika mashimo mawili jirani yake. Kete 22 zilizobaki hukaa mkononi, nazo huingizwa moja moja katika awamu ya namua. Zikiisha, ndipo huanza mtaji. Mchezaji hula au hutakata. Akila, hupanda alichokula upande wake kuanzia kwenye kichwa, na kula kumoja kwaweza kuzaa kwingine hadi sura yote ya ubao ibadilike. Kete iliyoliwa haiondoki mchezoni, bali hubadili mwenyewe. Ushindi haupatikani kwa kuweka akiba. Hushinda yule aliyemnyima mwenzake kete katika safu ya mbele, au aliyemwacha bila njia ya kucheza.

Tofauti hii ni ya maana, si ya idadi ya mashimo tu. Kalah humfundisha mchezaji kuweka, na bao humfundisha kuendesha. Katika bao utajiri usiotembea ni hatari, kwa kuwa nyumba iliyojaa ndiyo windo la kwanza la mpinzani. Aliyeondoa namua na nyumba hakupunguza uzito wa bao. Ameondoa swali ambalo bao huliuliza. Alexander de Voogt, katika utafiti wake wa mwaka 1995 juu ya umahiri wa wachezaji wa bao, alilichukua bao la mabingwa wa Zanzibar kuwa mahali pa kuchunguzia mipaka ya akili ya mwanadamu. Kwa upande wa Kalah, mwaka 2000 Geoffrey Irving, Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk walionyesha kwamba namna zake nyingi ndogo zaweza kutatuliwa na kompyuta hadi hatua ya mwisho. Bao la Kiswahili halijatatuliwa hivyo.

Je, kosa ni urahisi?

Lawama ya kawaida ni kwamba Bantumi ni rahisi mno. Lawama hiyo haitoshi. Waswahili wenyewe wanalo bao la kujifunza, ambamo kete mbili mbili hupangwa katika kila shimo na namua haipo. Hakuna fundi anayeona aibu kwa kuwapo kwake. Jina lake linakiri kuwa ni ngazi, na anayeipanda anaonyeshwa mlango ulio juu. Bantumi haina mlango huo. Aliyeimaliza haelekezwi popote, naye huondoka akidhani kwamba ameujua mchezo wa Waafrika.

Lubumbashi ina sababu ya pekee ya kuwa mwangalifu hapa. Mji huu, ulioanzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, uliwakusanya wafanyakazi wa migodi kutoka Kasai, Rwanda, Burundi na Rhodesia ya Kaskazini, na Kiswahili kikawa lugha yao ya kazini na mitaani. Kiswahili hicho kimeitwa mara nyingi Kiswahili kilichopungua. Mtu wa Lubumbashi akikubali kwamba kila kilichorahisishwa kimeharibika, amejihukumu mwenyewe.

Lakini historia ya lugha hiyo ndiyo inayotoa kipimo. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986, alichambua vitabu vya kufundishia Kiswahili wakati wa ukoloni wa Kibelgiji, ambavyo vingine vilimpa bwana maneno ya kuamuru tu. Huo ulikuwa upunguzaji uliofanywa na asiyeishi ndani ya lugha. Kando yake wafanyakazi walijijengea Kiswahili chao, wakapunguza huku na kuongeza kule, hata mwaka 1965 André Yav akaweza kuandika kwacho historia ya mji. Lugha iliyoweza kubeba kazi hiyo haikupungua. Ilibadilika mikononi mwa wenyewe.

Kipimo hicho chafaa pia kwa michezo. Kisolo cha Waluba, chenye safu nne, si bao lililokosewa. Kina kanuni zake na jina lake. Sanamu ya mfalme wa Wakuba, Shyaam aMbul aNgoong, iliyohifadhiwa katika British Museum mjini London, ina ubao wa mchezo wa jamii hii mbele yake, kama alama ya utawala wake. Kasai na Katanga hazikungoja simu ziletewe mchezo wa fikra. Kilichopotea katika Bantumi ni hizi tofauti zenyewe: bao, kisolo na michezo mingine mingi imefunikwa kwa jina moja lisilo la yeyote kati ya hiyo.

Hitimisho

Masikitiko ya wachezaji yana msingi, ila si ule unaotajwa mara nyingi. Bantumi haina kosa kwa kuwa nyepesi, wala kwa kuwafurahisha watu waliosubiri basi. Kosa lake ni kuchukua jina la nyumba bila kuonyesha njia ya kuingia. Watakaotunga programu za michezo hii wanatakiwa kuweka bao la kujifunza kwa jina lake, na namua na mtaji baada yake. Kisolo nacho kipewe ubao wake. Kazi ya wanafunzi wa Kiswahili ni kukusanya istilahi za wachezaji, wa pwani na wa Katanga pia, wakati wazee wanaozijua wangali hai. Mchezo ambao maneno yake yamesahauliwa hauwezi kufufuliwa na mashine yoyote.